Kusoma uvimbe wa mfupa kabla ya kushika kisu: mwongozo kamili kwa wanafunzi wa udaktari Dodoma

Mwanafunzi akioneshwa picha ya goti lililovimba kwenye raundi, kinachomtoka kwanza ni jina: "Osteosakoma, daktari." Ni saratani ya mfupa, na huenda amepatia. Lakini ukimuuliza kwa nini si usaha wa mfupa (maambukizi ya vijidudu), au kwa nini si uvimbe wa seli kubwa (ambao kwa kawaida si saratani), anatazama chini. Kwenye mifupa, jina huja mwisho. Kabla yake kuna umri wa mgonjwa, mfupa wenyewe na sehemu yake, kingo za doa (sehemu ya mfupa iliyobadilika) kwenye eksirei, kisha ndipo kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenda kupimwa. Anayeanza na jina hutumia muda uliobaki kulitetea, na mgonjwa ndiye anayelipa.

Nawaandikia hasa wanaozunguka wodi za Hospitali ya Benjamin Mkapa na ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ambao kesho watapangiwa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Iramba. Huko usitegemee kuwa na MRI (picha ya sumaku) mlango wa pili. Hilo lisikukatishe tamaa. Sehemu kubwa ya kazi ya kutambua uvimbe wa mfupa hufanywa na eksirei ya kawaida, na hata penye MRI, MRI isiyosomwa pamoja na eksirei hupotosha, kwa sababu maji yanayozunguka doa dogo lisilo na madhara yanaweza kuonekana ya kutisha.

Hatua ya 1: Mtu mwenyewe

Umri ndio kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, na ndicho chenye nguvu zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye mfupa ulioliwa, fikiria leukemia (saratani ya damu), neuroblastoma (saratani ya neva ya watoto) iliyosambaa, na histiositosisi ya seli za Langerhans (seli za kinga zinazozidi na kula mfupa). Kati ya miaka 10 na 20 ndipo osteosakoma inapotawala, pamoja na aina nyingi zisizo saratani: osteokondroma (kinundu cha mfupa chenye kofia ya gegedu), sisti za mfupa, kondroblastoma (uvimbe wa seli changa za gegedu). Kati ya 20 na 40, bamba la ukuaji (gegedu ambalo mfupa hurefukia) likiwa limeshafunga, uvimbe wa seli kubwa unashika nafasi. Baada ya miaka 40 mambo yanabadilika kabisa: doa la mfupa ni saratani iliyosambaa kutoka kwingine, au mieloma (saratani ya seli za uboho), mpaka uthibitishe vinginevyo. Kondrosakoma, saratani ya gegedu, nayo ipo katika umri huu. Mwanafunzi anayemtajia mzee wa miaka 65 osteosakoma bila kumpima tezi dume amevuka hatua.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havilikazii. Sakoma ya Ewing, saratani ya mfupa yenye seli ndogo za mviringo, ambayo huko huhesabiwa ya pili kwa watoto na vijana, ni adimu sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Haimaanishi haipo. Inamaanisha kwamba kijana wa hapa mwenye homa, mfupa wa paja ulioliwa katikati na tabaka za mfupa mpya juu yake, usaha wa mfupa na limfoma (saratani ya tezi za limfu) vinapanda juu kwenye orodha yako kuliko kitabu kinavyokuambia. Taya la mtoto likivimba kwa kasi, kumbuka limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958.

Kisha sikiliza. Muda ni jambo la kwanza kupata, na watu wengi vijijini hawatakupa tarehe. Watakupa msimu.

"Shikamoo mama. Uvimbe huu mliuona lini kwanza?"

"Marahaba daktari. Alianguka akichunga, tukiwa tunapanda. Tukamkanda, ukapungua, ukarudi. Sasa tumeshavuna mtama, na usiku halali."

Mama huyu amekupa kila kitu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Kupanda ni karibu Desemba, mtama huvunwa kuanzia Mei hivi. Kwa hiyo ni miezi mitano au sita, uvimbe unakua, na maumivu ya usiku hayatulii hata mtoto akijilaza. Kuanguka kusikupoteze. Watoto wote wanaochunga huanguka; ajali ndiyo iliyofanya familia iangalie goti, mara chache ndiyo iliyoleta uvimbe. Maumivu ya usiku yanayokatika haraka kwa aspirini au ibuprofeni, kwa kijana mwenye doa dogo lenye mfupa mnene pembeni, yanaelekea osteoma ya osteoidi, uvimbe mdogo wa mfupa usio saratani. Maumivu yanayozidi wiki hadi wiki bila kujali dawa ni habari nyingine.

Uliza kuhusu kukandwa, chale na dawa za mganga wa mifupa, na uulize kwa heshima, bila kukunja uso. Ukionesha dharau utafichwa, na unahitaji kujua. Chale huingiza vijidudu, kukandwa kwa nguvu huweza kuvujisha damu ndani ya uvimbe au kuvunja mfupa uliodhoofika, na vyote hivyo hubadilisha picha unayokwenda kuisoma. Uliza pia selimundu, hali ya VVU, kikohozi cha muda mrefu nyumbani, kunywa maziwa mabichi, na maji wanayokunywa yanatoka wapi. Sababu ya maswali mawili ya mwisho itaonekana baadaye.

Unapopima, andika ukubwa kwa sentimita, joto la ngozi, mishipa iliyotuna, na kiungo kinakunjuka nyuzi ngapi. Kwa mtu mzima usiishie kwenye mguu: titi, tezi dume, tezi ya shingo, figo, mapafu. Saratani za viungo hivyo vitano ndizo zinazopenda mifupa kuliko nyingine.

Hatua ya 2: Mfupa upi, na sehemu gani

Mfupa mrefu ugawe mara tatu: epifisi iliyo upande wa kiungo, metafisi inayofuata, na diafisi ambayo ni mwili wa katikati. Osteosakoma hupenda metafisi, hasa mahali mfupa unapokua kwa kasi: chini ya mfupa wa paja, juu ya mfupa wa muundi, juu ya mfupa wa mkono. Osteokondroma nayo huota kwenye metafisi ikielekea mbali na kiungo, na alama yake ni moja tu: gamba na uboho wa mfupa vinaendelea moja kwa moja kuingia ndani yake. Usipouona mwendelezo huo, usiiite osteokondroma.

Epifisi ina wakazi wachache, ndiyo maana inasaidia sana. Kijana ambaye bamba lake la ukuaji bado li wazi: kondroblastoma. Mtu mzima ambaye limefunga, na doa limefika hadi chini kabisa ya gegedu la kiungo: uvimbe wa seli kubwa. Lakini usaha na kifua kikuu pia huingia epifisi, kwa hiyo usifunge mlango. Diafisi ni ya Ewing, limfoma, mieloma, displasia ya nyuzi (mfupa unaogeuka kuwa nyuzi). Mifupa midogo ya vidole, mara nyingi ni enkondroma (uvimbe wa gegedu usio saratani ndani ya mfupa). Katikati ya sakramu (mfupa wa chini ya kiuno) kwa mtu wa makamo, fikiria kodoma, saratani ya mabaki ya notokodi, uti wa awali wa kiinitete. Uvimbe wa gegedu unaoanza kuuma kwenye fupanyonga la mtu wa miaka 50 haupaswi kupuuzwa hata ukionekana mpole.

Hatua ya 3: Kusoma eksirei

Omba picha mbili, ya mbele na ya pembeni, zenye mfupa wote, kiungo cha juu na cha chini yake. Picha ya goti peke yake inaweza kuficha doa la pili lililoruka juu kwenye paja lile lile. Kumbuka pia kwamba eksirei haioni upungufu mpaka asilimia 30 hadi 50 ya madini ya mfupa iwe imeondoka. Picha safi kwa mtu mwenye maumivu ya usiku haijafuta chochote.

Sasa anza na kingo, kwa sababu kingo hutaja kasi. Mfupa ni kiumbe hai: adui akija polepole, unapata muda wa kumzungushia boma kama mfugaji anayezungushia mifugo miiba, akija kwa kasi, boma halijengwi. Mfumo wa Lodwick umepanga hilo kwa madaraja. Daraja la 1A, doa lina mpaka wazi na ukingo mweupe mnene. La 1B, mpaka uko wazi lakini hauna ukingo mweupe. La 1C, mpaka umeanza kufifia. Daraja la 2 ni matundu mengi yanayoungana, na la 3 ni mfupa uliopenyezwa hata huwezi kusema ugonjwa unaishia wapi. Kadiri unavyoshuka ndivyo kasi inavyopanda. Angalia neno nililotumia: kasi. Usaha mkali nao una kasi, na unaweza kuonekana daraja la 3 bila kuwa saratani. Uvimbe wa seli kubwa, ambao kwa kawaida si saratani, mara nyingi una kingo za 1B au 1C. Kingo hazikupi jina, zinakuambia uharakishe kiasi gani.

Baada ya kingo, angalia utando wa mfupa. Ukijenga tabaka moja nene na laini, ugonjwa umekuwa wa polepole, kama kuvunjika kunakopona au osteoma ya osteoidi. Tabaka nyingi nyembamba juu ya nyingine, ambazo vitabu huziita maganda ya kitunguu, zinasema ugonjwa unakuja kwa mawimbi. Miale iliyosimama wima kutoka kwenye mfupa, au pembetatu ya Codman pale utando uliponyanyuliwa pembeni, ni dalili za ugonjwa unaokimbia. Narudia kwa makusudi: pembetatu ya Codman si muhuri wa osteosakoma. Usaha unaweza kuitengeneza.

Kisha tazama kinachotengenezwa ndani ya doa. Mfupa mpya unaotengenezwa na saratani huonekana kama mawingu meupe yasiyo na mpangilio. Gegedu huacha nukta, pete na matao. Nyuzi zenye mfupa mchanga hutoa ukungu wa kijivu unaolingana kila mahali, na hiyo ndiyo displasia ya nyuzi. Mwisho, gamba: limepanuliwa, limekonda, au limetobolewa na nyama laini imetoka nje? Kwa uvimbe wa gegedu ulio ndani ya uboho, pima ulivyochimba gamba kutoka ndani. Ukiwa umekula zaidi ya theluthi mbili ya unene, na mgonjwa ana maumivu, acha kuuita enkondroma kwa ujasiri.

Andika unachokiona kwa sentensi kabla ya kutaja jina lolote. "Doa lililoliwa, metafisi ya chini ya paja la kulia, sentimita 9, mpaka usio wazi, mawingu ya mfupa ndani, miale kwenye utando, nyama laini nje." Sentensi hiyo ukimsomea mtaalamu wa radiolojia kwa simu, atakusaidia. Ukimwambia "nina osteosakoma", atakuuliza uliyopaswa kumweleza.

Hatua ya 4: Vinavyoiga uvimbe hapa kanda ya kati

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo vitabu vya kigeni hutuacha peke yetu.

Usaha wa mfupa ndio mwigaji mkubwa. Homa inaweza isiwepo, hasa mtoto akiwa ameshanunuliwa antibiotiki duka la dawa mara mbili. Kipande cha mfupa uliokufa ndani ya tundu, au mfereji unaotoa usaha hadi kwenye ngozi, vinaelekeza kwenye maambukizi. Mtoto mwenye selimundu anaongeza ugumu: mfupa wake unaweza kufa kwa kukosa damu, na unaweza kuambukizwa, mara nyingi kwa Salmonela, na kwa picha viwili hivyo vinafanana.

Kwenye uti wa mgongo, kanuni inayosaidia ni diski. Kifua kikuu na maambukizi mengine mara nyingi hula diski na pingili mbili zinazopakana. Saratani hula pingili na kuiacha diski. Si kanuni isiyovunjika, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kuchelewa kuigusa diski. Brusela, vijidudu vinavyotoka kwa mifugo, nayo hupenda pingili za kiuno, na katika jamii za wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi si ugonjwa wa kubahatisha. Ndiyo sababu ya swali la maziwa.

Swali la maji ni kwa ajili ya fluoridi. Singida na maeneo mengine ya ukanda wa Bonde la Ufa yana vyanzo vya maji vyenye fluoridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza kama kikomo. Mtu aliyekunywa maji hayo miaka mingi anaweza kuwa na mifupa myeupe kuliko kawaida, uti wa mgongo na nyonga hasa. Mzee wa namna hiyo akija na maumivu ya mgongo, picha yake inaweza kusomwa kama saratani ya tezi dume iliyosambaa. Tofauti utaipata ukitazama vizuri. Weupe wa fluoridi umeenea kwa usawa, kano zimejaa chokaa, na utando kati ya mifupa miwili ya kigasha umekuwa mfupa. Meno ya kahawia ya mtu aliyekulia huko yanakupa dokezo. Weupe wa saratani huwa na madoa madoa. Lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo mpime tezi dume na PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) bila kusita.

Na kabla hujaondoka hapa: kalisiamu ikiwa juu kwa mtu mwenye madoa yaliyoliwa, pima homoni ya parathiroidi, tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalisiamu. Ugonjwa wa tezi hizo hutengeneza madoa yanayofanana na uvimbe wa seli kubwa hata chini ya darubini.

Hatua ya 5: Damu na picha za ziada

Hapa nitapita haraka. Picha kamili ya damu, ESR (kipimo cha uvimbe-joto mwilini), fosfatesi ya alkali na LDH (vimeng'enya vya damu), kalisiamu, kazi ya figo, kipimo cha VVU. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 40 ongeza elektroforesisi ya protini (kutafuta mieloma), na PSA kwa mwanaume. Fosfatesi ya alkali na LDH zikiwa juu kwenye osteosakoma huashiria ugonjwa mzito, ingawa mtoto anayekua ana fosfatesi ya juu kwa kawaida. MRI ya mfupa wote ifanyike kabla ya kinyama, kwa sababu damu na kuvimba kunakoletwa na sindano huchafua picha. Skani ya CT ya kifua ni ya lazima kwa kila sakoma (saratani ya mfupa au ya nyama laini): mapafu ndiko inakokimbilia kwanza. Ikichelewa, eksirei ya kifua ifanyike leo.

Kwa doa la saratani iliyosambaa kwenye mfupa mrefu, jifunze alama za Mirels, zilizotolewa mwaka 1989. Mahali, maumivu, aina ya doa na ukubwa, kila kimoja alama 1 hadi 3. Jumla ikifika 9, mfupa uko karibu kuvunjika na unahitaji kuimarishwa kabla. Mzee anayetembea leo na kuvunjika paja kesho akiwa wodini kwetu ni jambo linaloweza kuzuilika.

Hatua ya 6: Kinyama

Kinyama kinaonekana kazi ndogo, na ndiyo maana kinaharibu watu wengi. Henry Mankin na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 1982 matokeo ya wagonjwa waliochukuliwa kinyama: asilimia 4.5 walikatwa kiungo bila ulazima kwa sababu ya kinyama kilichofanywa vibaya. Waliporudia mwaka 1996, ilikuwa bado asilimia 3. Makosa yalikuwa mengi zaidi pale kinyama kilipofanywa katika hospitali iliyompeleka mgonjwa, badala ya ile iliyokwenda kumtibu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: anayechukua kinyama awe ndiye atakayeondoa uvimbe, au awe amezungumza naye. Njia ya sindano au kisu imechafuliwa na seli za saratani, nayo itabidi iondolewe pamoja na uvimbe. Mkato uwe wima kufuata urefu wa mguu, usiwe wa kukingama. Upite kwenye msuli mmoja, si kati ya misuli miwili, na ukae mbali na mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu. Zuia damu kikamilifu, kwa kuwa damu inayovilia husambaza seli popote inapofika. Ukiweka mrija, utoke kwenye mstari ule ule wa mkato. Sindano nene inayotoa vipande inatosha mara nyingi, na ina madhara machache kuliko mkato.

Kila unachokichukulia kinyama kipeleke pia maabara ya vijidudu, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Sehemu hiyo isiguse fomalini. Ya patholojia itumbukizwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo walau mara 10 ya kipande. Kipande kilichosafirishwa kwenye maji ya chumvi hadi Dar es Salaam kinaweza kufika kimeharibika, na mgonjwa ataanza upya. Kwa mfupa mgumu, omba walainishe kwa EDTA (kemikali inayoondoa chokaa polepole) inapowezekana. Asidi kali huharibu vinasaba.

Fomu usiiandike "uvimbe wa goti". Andika umri, mfupa, sehemu yake, sentensi yako ya eksirei, na kama mfupa umevunjika. Hilo la mwisho ni muhimu mno: mfupa unaopona baada ya kuvunjika unaweza kufanana na osteosakoma chini ya darubini. Ambatanisha picha yenyewe.

Hatua ya 7: Kupanga kundi na hatua

Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 hupanga uvimbe kwa kile seli zinachotengeneza: gegedu, mfupa, nyuzi, mishipa ya damu, wenye seli kubwa nyingi, wa asili ya notokodi, na wa damu. Ewing na ndugu zake wa seli ndogo za mviringo wametengwa katika sura yao. Ndani ya kila kundi kuna usio na madhara, wa katikati na saratani. Badiliko linalowachanganya wengi: kondrosakoma ya daraja la 1 kwenye mikono na miguu sasa huitwa uvimbe wa gegedu usio wa kawaida, lakini ikiwa kwenye fupanyonga, mbavu au uti wa mgongo bado ni kondrosakoma, kwa kuwa huko ndiko inakorudi na kuua.

Vinasaba vinazidi kuamua. Jeni ya EWSR1 iliyoungana na FLI1 ni ya Ewing, badiliko la G34W kwenye protini ya histoni H3.3 ni la uvimbe wa seli kubwa, K36M ni la kondroblastoma, mabadiliko ya jeni za IDH1 na IDH2 huonekana kwenye uvimbe wa gegedu, na jeni ya MDM2 iliyoongezeka huelekea osteosakoma ya daraja la chini.

Hatua ya ugonjwa ipange kwa mfumo wa Enneking. Saratani ya daraja la chini ni I, ya juu ni II. A ikiwa ndani ya chumba kimoja (mfupa wenyewe au kundi moja la misuli), B ikiwa imetoka. III ikiwa imesambaa. Uvimbe usio saratani nao una madaraja yake: 1 uliolala, 2 unaokua, 3 mkali.

Mfano wa kufanyia kazi

Turudi kwa mtoto wa yule mama, tuseme ana miaka 14. Umri na metafisi ya chini ya paja vinaweka osteosakoma juu, usaha wa mfupa pili, Ewing mbali. Sentensi ya eksirei ni ile niliyoiandika: mawingu ya mfupa ndani ya doa hayatengenezwi na usaha. ESR imepanda kidogo, fosfatesi imepanda sana. MRI inaonesha nyama laini imetoka nje ya gamba, hakuna doa la pili pajani. CT ya kifua ni safi. Kinyama kikithibitisha daraja la juu, hatua ni IIB.

Huyu hahitaji kukatwa mguu kesho, na hahitaji kurudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Anahitaji dawa za saratani kabla ya upasuaji, upasuaji, kisha dawa tena. Piga simu mwenyewe kwa timu ya mifupa, waunganishe na MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili) au Ocean Road (taasisi ya saratani), zote Dar es Salaam, na mpe mama barua yenye jina la daktari anayemsubiri. Mfungie mtoto mguu kwa banzi, apewe magongo asiukanyage. Picha zote ziwe kwenye CD na karatasi, kinyama kiwe na namba ya maabara. Mweleze mama, kwa Kiswahili au kwa Kigogo kama kuna anayejua, kwamba hii ni saratani, kwamba kuna wanaopona, na kwamba goti lisikandwe tena. Kisha mwulize nani atabaki na watoto wengine na nauli itatoka wapi, na mwite afisa ustawi wa jamii kabla hajatoka wodini.